Maziwa ya Fahali

Fahali hakamwi, lakini ana maziwa. Maneno haya yaweza kudhaniwa mzaha, nayo ni kweli tupu. Kila mtamba hupata nusu ya urithi wake kwa mama na nusu kwa baba. Basi achaguaye fahali huchagua nusu ya urithi wa maziwa ya miaka ijayo, wala hana kiwele cha kutazama.

Hapa Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, nasikia mara nyingi ng'ombe wakisifiwa. Huyu husifu kimo, yule upana wa kifua, na wa tatu rangi. Hizo ni sifa za macho, na wahenga walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisemi kwamba umbo ni bure. Miguu imara humfikisha ng'ombe malishoni, na kiwele kilichoshikamana vema na tumbo hudumu miaka mingi. Lakini kimo hurithiwa kwa nguvu kuliko wingi wa maziwa. Kwa hiyo ni rahisi kujipatia kizazi cha ng'ombe wakubwa, walao sana na kukamwa kidogo.

Fahali hujulikana kwa binti zake. Wawe wengi, maana mmoja huweza kubahatika. Maziwa yao yapimwe na kuandikwa. Kisha walinganishwe na wenzao wa zizi moja na malisho mamoja. Katika tofauti za maziwa baina ya ng'ombe na ng'ombe, takriban robo tu ni ya urithi. Iliyobaki ni ya chakula, maji, maradhi na matunzo. Asiyelinganisha hivyo huisifu damu kwa kazi iliyofanywa na majani.

Mfano mwema tunao hapa Naivasha. Mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi walileta ng'ombe wa Ulaya, na wengi wao wakafa kwa ndigana iletwayo na kupe. Baadaye, kati ya 1939 na 1963, mafahali wapatao 60 na majike 12 wa Sahiwal waliletwa kutoka Bara Hindi. Ni ng'ombe wekundu wenye nundu, wastahimilivu wa jua na kupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kundi teule likakusanywa Naivasha, likatunziwa daftari, na mafahali wake wakatafutwa na wafugaji wa Kimaasai. Sahiwal hamshindi Friesian kwa maziwa; humshinda kwa kuishi penye shida. Urithi bora ni ule ufaao mahali pake.

Jambo hili si la matajiri peke yao. Tangu 1946 kituo cha Kabete kimetoa mbegu za mafahali, hata mwenye ng'ombe mmoja aweza kuchagua baba wa ndama wake. Lakini mimba ni miezi tisa, na mtamba hukawia miaka miwili na zaidi kabla ya kukamwa. Uchaguzi mbaya wa leo hujulikana baada ya miaka mitatu, wakati karo ya mtoto imekwisha kudaiwa.

Basi, kijana msomaji, utakapoonyeshwa fahali mwenye shingo nene na ngozi ing'aayo, mstaajabie upendavyo, kisha uliza daftari la binti zake.