Bati la Kila Zama

Mbabula, yaani majiko ya makala, zote nilizokaa karibu nazo tangu utotoni zilianza maisha zikiwa kitu kingine. Moja ilikuwa pipa la mafuta la kampuni ya dhahabu, nyingine janti ya lori, nyingine kopo la mafuta ya kula lenye herufi USA ubavuni. Niwekee mbele yangu mbabula kuukuu ya Bunia: fundi wake huenda nisimjue, lakini zama zake nitakutajia.

Watu wa Kisangani wakija kwetu hushangaa kuona mtu akiwasha makala kwa ajili ya kuota tu. Kwao joto halitafutwi. Bunia iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na ukishika njia ya kaskazini kuelekea Fataki na Rethy unavuka 2,000. Mvua ya jioni ikishapiga, baridi inaingia chini ya mlango na watoto wanaanza kugombania nafasi.

Mama alizaliwa huko juu, Djugu, katika nyumba ya nyasi yenye moto katikati. Moto ule ulifanya kazi zote kwa pamoja: uliivisha maharagi, ukakausha nguo, ukafukuza wadudu kwenye paa, ukawaotesha watu hadi usingizini. Moshi ulijitafutia njia ndani ya nyasi. Aliposhuka mjini kuolewa alikuta nyumba ya matofali yenye paa la mabati, jambo la kujivunia, ila haikuwa na mahali pa moto. Jiko lilikuwa kibanda nyuma ya parseli. Kwa hiyo nyumba ya kisasa ilikuwa na baridi kuliko ile ya nyasi, na dawa ikawa kupikia nje halafu kuingiza mbabula sebuleni makala yakishakuwa mekundu yasiyo na moshi.

Mbabula ya kwanza ninayoikumbuka ndiyo ile ya pipa. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa baba na mama wa eneo hili: barabara, shule, zahanati, mshahara. Ilijenga hata bwawa la Budana kwenye mto Shari ili mitambo ya machimbo ipate umeme. Mji ulipata makombo ya umeme huo, na siku nyingi hata makombo hayakufika, ndiyo maana hadi leo mafundi cherehani wengi hapa hawajaachana na pasi ya makala, ile nzito yenye kifuniko. Lakini kitu ambacho kampuni ilitugawia bila kukusudia ni chuma. Mapipa yake yaliyotoboka yalitoka machimboni yakaishia kwa mafundi wa bati, na bati la pipa lile lilikuwa nene hivi kwamba mbabula moja ilibebwa na watu wawili. Ilichelewa kushika moto. Ikishashika, ukuta wake wenyewe ulitoa joto hata makala yakiwa yamebaki majivu, nasi tukikaa tumeizunguka, magoti mbele, migongo ikiganda.

Sheria ya mama ilikuwa moja tu: kabla mtu wa mwisho hajalala, mbabula inatoka. Hakujua kemia. Sisi ndio tuliokwenda kufundishwa shuleni kwamba makala yanayowaka hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, na kwamba mtu aliyelala haamki kukohoa kama anavyoamka kwa moshi wa kuni. Naona hatari hiyo imekuwa kubwa zaidi sasa. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na nafasi kati ya ukuta na mabati, ngumi inapita. Siku hizi watu wanajenga kwa saruji, wanaweka vioo na plafo, hewa haina pa kutokea, halafu wanaingiza mbabula ileile chumbani na kufunga mlango. Ubora wa nyumba ndio unaowaua. Ningekuwa na sauti redioni, ningelisema hilo kila mwanzo wa mvua.

Wakati wa Zaire mapipa yalianza kuadimika. Kampuni ilidhoofika, maduka ya wageni yakataifishwa mwaka 1973 na mengi yakafa mikononi mwa wenyewe wapya, barabara zikaliwa na mvua. Lori likiharibika liliachwa lilipofia, na mafundi wakageukia janti. Janti ya chuma ni karibu mbabula tayari: ina kina, ina tundu katikati la kupitisha hewa. Unaiongezea wavu, miguu mitatu na mlango wa majivu. Kwa kupikia bugali haina mpinzani, kwa sababu haitikisiki hata ukisonga sufuria ya watu kumi. Joto lake ni kali ila halikai.

Kisha vita. Mwezi wa tano mwaka 2003, wanajeshi wa Uganda walipoondoka Bunia, mji uligeuka uwanja wa kuuana, hadi kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Wafaransa kilipoingia mwezi uliofuata. Watu walijazana kando ya uwanja wa ndege chini ya maturubai, na kwenye mvua ile hakuna aliyekuwa amekimbia na mbabula kichwani. Msaada wa chakula ulikuja na mafuta ya kula kwenye makopo ya lita 4. Kopo likiisha lilitobolewa kwa msumari, likakatwa dirisha chini, likawa mbabula ya kuinjikia sufuria ndogo ya uji. Bati lake ni jembamba mno: lilipata wekundu pamoja na makala, na baada ya wiki chache kitako kilidondoka. Halikumwotesha mtu. Ulipaswa kuliinamia na kuweka viganja juu yake kama mtu anayelibariki. Nilidhani makopo hayo yangebaki kumbukumbu ya mwaka ule. Tangu mapigano ya Djugu yaanze upya mwishoni mwa 2017 nimeyaona tena, kwenye kambi za wakimbizi hapahapa mjini.

Fundi wetu ana kibanda karibu na soko kuu, na ukimpelekea mbabula ya kutengenezwa haitazami kwanza, anaigonga. Bati zima linalia. Bati lililoungua linatoa sauti ya mbao, na hapo anachora kwa kipande cha kaa duara la sehemu iliyokufa. Anaikata kwa patasi, anaweka kiraka, anakifunga kwa ribiti alizozikata kwenye nondo nyembamba. Hatumii umeme wa kuchomelea. Anasema chuma kilichokaa motoni miaka mingi kikichomelewa kinatoboka palepale unapokiunga, nami nimeona kwa macho yangu kazi za wachomeleaji zilizorudi kwake. Kinachokufa kwanza siku zote ni wavu, na wavu huo hubadilishwa kama tairi.

Ni yeye aliyenionyesha mbabula ya udongo kwa mara ya kwanza. Wakenya waliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1980: bati lenye kiuno, ndani limevishwa udongo uliochomwa. Kwetu ilifika baadaye, na mashirika yakaisifia kwamba inapunguza makala karibu nusu. Ni kweli inapunguza. Mahali ambapo bei ya gunia inapanda kila barabara ya Mahagi au ya Komanda inapofungwa kwa mashambulizi, nusu ya makala si kitu cha kudharau, na tukikumbuka kwamba tanuru la udongo kule msituni hula kuni kilo kumi kutoa kilo mbili za makala, au pungufu, hata miti inanusurika. Lakini waliotuletea mafunzo hawakutueleza upande wa pili. Udongo unakumbatia joto na kulipeleka lote kwenye sufuria. Aliyekaa pembeni hapati kitu. Jioni ya kwanza mama aliinjika sombe, tukaizunguka kama kawaida, na baada ya muda akauliza kama makala yamelowa.

"Mama, hii si ya kuota," fundi alimwambia alipokwenda kulalamika. "Hii inajua sufuria tu. Ile ya kampuni usiitupe."

Hakuitupa. Tangu hapo nyumbani kuna mbili: ya udongo ni ya chakula, ya pipa inatoka stoo mvua ikizidi. Wadogo zangu wanaona ni ubadhirifu, makala mara mbili. Mmoja amenunua mtungi wa gesi inayotoka Uganda na anapika chai ndani ya dakika chache, kisha kila mtu anaingia chumbani kwake na blanketi na simu. Simlaumu, gesi haichafui sufuria. Ila naona kwamba tangu joto na chakula vitengane, watu nao wametengana, na kwa mama hukutana wanane kwa sababu ni kwake tu penye kitu cha kuzunguka.

Msimu uliopita wavu wa ile ya pipa uliisha, na ubavu mmoja ukapasuka. Fundi aliigonga, akatikisa kichwa, kisha akajaribu kuinunua: bati nene kama lile halipatikani tena, angeweza kulikata viraka vya kutosha mbabula nyingine nne. Mama akakataa. Akapandisha bei, mama akakataa tena, akaagiza aitengeneze. Akasema sawa, lakini bati la kiraka nilete mwenyewe, kwa sababu alilonalo ni la mabati ya nyumba, halitafika Krismasi. Nilizunguka kwa wauza vyuma vikuukuu asubuhi nzima. Nilichopata ni ubavu wa janti ya Fuso, nikaulipia zaidi ya ufundi wenyewe.