Tukuyu, mvua mpaka kwenye gitaa!

Ukitoka Mbeya kwenda Tukuyu, kama kilomita 70 hivi, jua unaliacha njiani. Mvua ya chini ya Mlima Rungwe haina hodi, bwana! Mimi nilikumbuka koti, nikasahau kufunika pedali yangu ya gitaa. Ni kopo la maziwa tu: ndani transista mbili za redio mbovu na betri ya volti 9, mtindo wa miaka ya 1960. Ukilikanyaga, solo inakwaruza.

Jioni tunapiga harusini. Saa kumi najaribu, wapi! Bubu. Nikajua transista imekufa, na harusi ndiyo hiyo.

Mpiga besi, kijana wa hapo hapo, akacheka: "Kaka, huku mshtakiwa wa kwanza ni maji."

Akafungua kopo. Jeki ina kutu ya kijani. Akaisugua kwa msasa. Sauti ikaja, ikakatika. Akawa anagusa viungo kimoja kimoja kwa kijiti, kimoja kikakoroma. Risasi imeachia! Tukapasha msumari kwenye jiko la mkaa, tukaiyeyusha upya.

Usiku solo ililia mpaka mashangazi wakaacha viti. Msomaji, ukienda Tukuyu, koti lako, na pedali mfuko wa nailoni!