Bei ya Kutoka Getini

Kabla hajavaa tai, mwandishi wa kumbukumbu hizi aliosha magari. Yadi ilikuwa magharibi ya Dallas, Texas, na kazi yake ilikuwa kupokea magari mapya yanaposhushwa kwenye trela, kuyabandua plastiki, kuyafuta vumbi na kuyapanga safu kwa safu. Kijana aliyetoka Tanga na cheti chake cha biashara hakuifikiria kazi hiyo alipokuwa akipanda ndege. Lakini ndiyo iliyomfundisha jambo ambalo hata wauzaji wa ndani, wenye meza na kiyoyozi, hawakulijua vizuri: gari lipi limefika lini, na lipi limekaa mno.

Ukifungua mlango wa dereva utaona kwenye nguzo kibandiko kidogo chenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwa gari. Wanunuzi wachache sana hukisoma. Meneja wa mauzo alikuwa na orodha yake mezani, na kila asubuhi aliipitia kuanzia chini, kwa magari yaliyokaa muda mrefu zaidi. Sababu ni deni. Wakala, yaani mwenye yadi, hanunui magari kwa fedha zake. Huyachukua kwa mkopo wa benki au wa kampuni ya fedha ya kiwanda, na kila moja linaliwa na riba likiwa limesimama pale pale juani. Tahoe nyeusi iliyoshushwa jana na Tahoe nyeusi iliyokaa tangu msimu uliopita zinaweza kuwa na stika moja, yaani karatasi ya bei ya dirishani, lakini bei zake za kweli haziko sawa.

Alipopandishwa kuwa muuzaji alipelekwa kwenye magari makubwa ya safu tatu za viti: Tahoe, Suburban na Yukon. Huko Texas hayo si magari ya anasa. Ni magari ya familia yenye watoto wanne, ya fundi anayevuta trela, ya mchungaji anayebeba kwaya. Jina la Suburban lipo tangu 1935. Na yote matatu, pamoja na Escalade, yanatengenezwa kwenye kiwanda cha General Motors mjini Arlington, kilichofunguliwa 1954, mwendo mfupi tu kutoka pale alipokuwa akifanyia kazi. Hata hivyo mteja wa Dallas alilipa gharama ya usafirishaji ile ile aliyolipa mteja wa Seattle, ambayo miaka hii inakaribia au hata kuzidi dola 2,000. Kiwanda hutoza kiwango kimoja kwa nchi nzima. Wateja walimgombeza sana kwa ajili ya mstari huo, na yeye aliwaambia waachane nao, kwa sababu huo haupungui. Nguvu za kupatana bei ziwekwe panapopungua.

Stika yenyewe ina historia yake. Mwaka 1958 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyosukumwa na seneta Mike Monroney wa Oklahoma, ikalazimisha kila gari jipya libandikwe dirishani karatasi yenye bei iliyopendekezwa na kiwanda, vifaa vya ziada na gharama ya usafirishaji. Kabla ya hapo kila wakala alitaja bei aliyoitaka. Ni sheria nzuri, na ni kosa kuibandua karatasi hiyo kabla gari halijafika kwa mnunuzi. Lakini sheria haikumfunga wakala auze kwa bei hiyo. Bei ya stika ni pendekezo, na pendekezo linaweza kushuka au kupanda.

Lilipanda vibaya mwaka 2021 na 2022. Vipuli vya kielektroniki viliadimika duniani, viwanda vikasimama, yadi zikabaki na lami tupu. Mawakala wengi walibandika karatasi ya pili kando ya ile ya kiwanda, wakaiita marekebisho ya soko, yaani maelfu ya dola juu ya stika. Mwandishi aliona watu wazima wakilipa bila kuuliza. Magari yaliporudi yadini, punguzo nalo likarudi, na hapo elimu ya zamani ikapata tena thamani.

Elimu hiyo inaanzia kwenye ankara. Wakala ana bei aliyouziwa na kiwanda, na bei hiyo iko chini ya stika. Mnunuzi akifanikiwa kufika kwenye bei ya ankara hudhani amemkamua wakala. Bado hajamkamua. Baadhi ya viwanda vya Marekani humrudishia wakala, baada ya gari kuuzwa, kiasi cha asilimia 2 hadi 3. Kwa gari la dola 70,000, asilimia 3 ya bei ya stika ni dola 2,100. Juu ya hapo kuna zawadi anayopewa akifikisha lengo la mauzo la mwezi au la robo mwaka. Ndiyo maana jioni ya tarehe 30 meneja aliyekuwa mkali tarehe 10 huwa mtu mwingine kabisa. Gari moja linaweza kumwingizia zawadi ya magari yote ya mwezi ule, na hilo moja yuko radhi kulitoa kwa hasara.

Mafunzo ya kwanza ya muuzaji mpya yalikuwa kuchora. Meneja alichukua karatasi nyeupe, akapiga msalaba katikati, zikapatikana pembe nne: bei ya gari, thamani ya gari la zamani analotoa mteja, malipo ya awali, na marejesho ya kila mwezi. Kalamu nene, tarakimu kubwa. Kisha mteja aulizwe swali moja tu: kwa mwezi unaweza kutoa ngapi? Akishajibu, mengine yote yako mikononi mwa wakala. Akipunguziwa pembe hii, ataongezewa ile, na macho yake yatabaki kwenye marejesho.

Hapa ndipo Waswahili wenzake walipopigwa zaidi, na jambo hilo lilimuuma. Watu waliolelewa na masoko ya Kariakoo na Kongowea wanajua kupatana bei. Wanajua kunyamaza, wanajua kuondoka. Ila sokoni bei ni moja, na hapa ziko nne.

Jioni moja alikuja mama mmoja wa Mombasa, muuguzi wa zamu ya usiku, anataka Tahoe ya kubebea wajukuu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi naweza mia tisa kwa mwezi, isizidi hapo.”

“Mama, hiyo mia tisa usimwambie mtu humu ndani. Niulize gari zima ni dola ngapi mpaka unatoka nalo getini.”

Akamwandikia kwenye karatasi safi. Mkopo wa dola 60,000 kwa riba ya asilimia 7: kwa miezi 72 marejesho ni kama dola 1,023, kwa miezi 84 ni kama 906. Mia tisa imekaribia kupatikana, mama angefurahi. Lakini miaka saba ya kulipa ingemgharimu riba zaidi ya dola 2,400 juu ya ile ya miaka sita. Kisha akamweleza la pili, ambalo ni zito zaidi. Wakala anapomtafutia mteja mkopo, mara nyingi anaruhusiwa kuongeza riba juu ya ile iliyokubaliwa na benki na kubaki na sehemu ya tofauti hiyo. Kama benki imekubali asilimia 5 na mteja akaandikiwa 7, kwa dola 60,000 na miezi 72 amepoteza zaidi ya dola 4,000. Ni nadra mtu kupata punguzo kama hilo kwa kubishana juu ya bei ya gari.

Mama aliondoka bila gari. Alirudi na barua ya mkopo kutoka chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa hospitali, ambacho kinafanana sana na Saccos za kwetu, na barua pepe za mawakala wengine wawili zenye bei kamili. Meneja alizisoma, akakuna kidevu, akashusha. Ofisi ya mikopo ikajaribu kumwongezea hewa ya nitrojeni kwenye matairi, namba za kuchorwa kwenye vioo na dhamana ya ziada. Akasema hapana mara tatu, kwa adabu.

Leo mwandishi amestaafu. Watu humpigia simu kutoka Houston hadi Minneapolis, naye husaidia bure, kwa kuwa Texas hairuhusu mtu kufanya udalali wa magari mapya. Anachowaambia hakibadiliki. Chagua gari kwa namba yake ya chasisi. Waandikie mawakala kadhaa siku za mwisho wa mwezi, uombe bei kamili kwa maandishi, yenye kodi, usajili na ada ya karatasi, kwa sababu ada hiyo California haizidi dola 85 lakini Florida haina ukomo na hukaribia dola 1,000. Gari lako la zamani lizungumzwe peke yake, baada ya bei kukubaliwa. Nenda na mkopo wako mkononi. Na usome kila mstari kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa ile kanuni ya serikali kuu ya Marekani inayompa mnunuzi siku tatu za kughairi haihusu gari ulilonunua kwenye yadi ya wakala.