Diski Kwenye Meza ya Nyumbani

Ufundi niliuanzia kwenye redio, Tanga, kabla kompyuta hazijazagaa. Mzee aliyenifundisha alikuwa na msimamo mkali: kifaa hakiwashwi mpaka mwenyewe ahojiwe. Kilizimikaje? Umeme ulikatika? Kilianguka? Kilitoa harufu? Nilipohamia kwenye kompyuta, enzi za vibanda vya intaneti na diski za gigabaiti 20 au 40, niliingia na mahojiano yale yale. Mpaka leo ndiyo nusu ya kazi yangu.

Nafanyia kazi nyumbani, Ngamiani, kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Wengi hawaniletei mashine siku hizi, wanaleta diski peke yake, na ombi lao ni moja: "Fundi, nitengenezee diski hii." Nami huwaeleza mapema kwamba sishughuliki na diski, nashughulika na kilichomo. Diski nyingine ipo dukani. Tasnifu ya mwanafunzi haipo dukani, wala sauti ya bibi aliyerekodiwa akisimulia kabla hajafariki.

Diski ya sahani hujieleza kwa sauti. Ndani yake sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu yake bila kugusa, kwa nafasi ya nanomita chache tu. Nikiipa umeme huishika kiganjani na kuisogeza sikioni. Ikizunguka kisha ikaanza kugonga, ta, ta, ta, naizima hapo hapo. Mara nyingi vichwa vimeumia, na kila dakika ya kuiwasha vinaweza kuchuna sahani yenyewe. Ikitoa mlio mwembamba bila kuzunguka, huenda vichwa vimeng'ang'ania kwenye sahani au mota imekamata. Hizo sizifungui. Chembe moja ya vumbi ni kubwa mno kuliko nafasi ile ya vichwa, na hakuna chumba cha nyumbani kisicho na vumbi. Kuna ushauri wa zamani wa kuigandisha diski kwenye friji. Kwa unyevu wa pwani yetu, ikitoka tu huota maji. Mama mmoja aliniletea iliyoanguka kutoka kabatini, ina picha za wanawe wakiwa wachanga, inagonga. Alinisihi nijaribu tu, hata ikifa. Nilikataa, nikamwambia aihifadhi bila kuiwasha mpaka apate pesa za kuipeleka kwenye maabara yenye chumba safi. Aliondoka amenuna. Ningemkatalia tena hata leo, kwa sababu picha zile bado zilikuwa na nafasi ya kupona na mimi ndiye ningeiondoa.

Diski iliyo kimya kabisa, hiyo hunipa matumaini. Aghalabu ugonjwa uko kwenye bodi ya sakiti iliyo nje, na bodi naiweza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mpiga picha wa harusi aliyekuja na diski ya nje ya terabaiti 2, ile ya kukaa mezani yenye adapta ya volti 12. Haikuwa na taa wala mngurumo. Ndani yake mlikuwa na harusi ambazo hata maharusi walikuwa hawajakabidhiwa. Nilipomhoji alisema adapta yake haikuonekana, akachomeka nyingine iliyoingia vizuri. Nikamwomba aniletee niione. Ilikuwa chaja ya laptop, volti 19.

Niliitoa diski kwenye kasha, nikafungua bodi. Karibu na soketi ya umeme kuna daiodi mbili ndogo nyeusi, moja inalinda njia ya volti 5, nyingine ya volti 12. Umeme ukizidi, daiodi huushusha kwenye ardhi, na ukizidi sana hujiunguza ikabaki imepiga shoti, ili chipu zilizo nyuma yake zisalimike. Niliweka mita kwenye ile ya volti 12: ikalia, nikageuza nyaya, ikalia vilevile. Niliinyofoa kwa pasi ya kulehemu, nikapima tena, shoti haikuwepo. Upande wa pili wa bodi, sehemu zinazogusana na nyaya za vichwa zilikuwa zimefanya weusi, jambo la kawaida kwa chumvi ya hewa yetu. Nikazisugua taratibu kwa raba ya penseli. Nikarudisha bodi, nikaiunganisha moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani. Ikanguruma.

(Kama chipu zingekuwa zimeungua, bodi ya diski nyingine ya aina ile ile isingetosha. Kwenye diski za miaka hii bodi hubeba vipimo vya diski yake peke yake, mara nyingi katika chipu ndogo ya miguu minane, nayo lazima ihamishwe.)

Mwenyewe alitaka tufungue folda tuone picha. Nikamwomba asubiri. Niliwasha Linux kutoka kwenye flashi nikaita ddrescue, programu ya bure ya Antonio Díaz Díaz, mtu ninayemshukuru bila kumjua. Hunakili kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi, huruka yanayosumbua, kisha huyarudia kidogo kidogo. Tena huandika ramani ya ilipofikia, hivyo umeme ulipokatika usiku ule haukunipotezea kitu. Uliporudi, kazi iliendelea pale pale. Mafaili tuliyafungua kutoka kwenye nakala, si kwenye diski ya zamani. Harusi zote zilikuwemo.

Diski ile ingeweza kufanya kazi miaka mingine, lakini haikuwa tena na kinga kwenye njia ya volti 12. Niliandika hivyo juu yake kwa kalamu ya wino mzito, na mpiga picha akanunua mbili mpya: moja ya studio, nyingine ikakae kwa dada yake, Pangani.