Madirisha ya Ugenini

Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipowafungia watu majumbani, mume na mke waishio Singapore, Vaishnav Balasubramaniam na Sonali Ranjit, walichoshwa na mandhari ile ile ya dirishani mwao. Wakaanzisha katika intaneti mahali paitwapo WindowSwap. Mtu hupiga filamu ya dirisha lake kwa dakika 10, pamoja na sauti zake, akaipeleka huko. Nawe mtazamaji huletewa dirisha la mtu usiyemjua, wala huchagui la nani.

Asiyepata kusafiri asitarajie minara mashuhuri. Mara nyingi ataona ua, paka aliyelala, miti ikitikiswa na upepo. Mimi napendelea hayo.

Nilimwonyesha shangazi yangu, ambaye miguu haimruhusu tena kutoka nje. Tuliletewa ua wenye nguo kambani, na wingu zito likikaribia.

“Mwanangu, waambie waanue nguo zao!”

Nikamweleza kwamba filamu ilipigwa zamani, na mvua hiyo, kama ilinyesha, imekwisha pita. Hakuridhika. Aliendelea kuzitazama nguo zile mpaka dakika 10 zikaisha.