Ujumbe wa Bosi Saa 4 Usiku



Katika mazungumzo baada ya Misa, na pia katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, swali moja limenifikia mara nyingi kutoka kwa waamini wanaofanya kazi maofisini. Mkristo afanye nini anapopokea barua pepe au ujumbe wa simu kutoka kwa bosi wake saa 4 usiku, au Dominika akiwa njiani kwenda kanisani? Akijibu, anaipunja familia yake. Asipojibu, anahofia mkataba wake hautahuishwa.

Tuitazame kwanza hali ya jiji letu. Wengi wenu mnaishi pembezoni: Bunju, Boko na Tegeta kwa upande wa Kinondoni, Mbagala, Chamazi na Toangoma kwa upande wa Temeke. Afanyaye kazi Posta hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, na hurejea watoto wakikaribia kulala. Ukiondoa foleni, chakula na usingizi, muda anaobaki nao pamoja na mwenzi wake na watoto ni saa moja au mbili tu. Ndani ya saa hizo ndimo ujumbe wa bosi unamoingia. Kuujibu huenda kukachukua dakika 5, lakini mawazo yakisharudi ofisini hayarejei nyumbani upesi. Mtoto anaonyesha daftari lake, naye mzazi anaitikia bila kuliona. Rozari inasaliwa huku jicho moja likiwa kwenye simu.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Inamtaka mwajiri atoe mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki. Kazi ya ziada inahitaji makubaliano, na hulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Ni kweli kwamba baadhi ya viongozi wa kazi hawaguswi na vifungu hivyo vyote. Ni kweli pia kwamba sheria hiyo iliandikwa kabla simu hazijawa ofisi ya mfukoni. Wenzetu wa Ufaransa waliliwekea jambo hili sheria iliyoanza kutumika Januari 2017, na nchini Kenya mswada wa namna hiyo ulifikishwa Seneti mwaka 2022.

Lakini sisi tuna sheria iliyo kongwe kuliko hizo. Someni Kumbukumbu la Torati sura ya 5, aya ya 12 hadi 15. Amri ya kupumzika inamsemesha mwenye nyumba, yaani mtu mwenye watu wa kuwaamuru. Kisha inawataja mmoja mmoja walio chini yake: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Sababu inayotolewa ni kwamba Waisraeli nao walikuwa watumwa kule Misri. Hivyo anayeulizwa kwanza na Mungu ni yule mwenye uwezo wa kutuma ujumbe. Baba Mtakatifu Leo XIII alilirudia fundisho hilo mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum, alipotetea mapumziko ya wafanyakazi, hasa siku ya Bwana.

Je, kila simu ya usiku ni dhuluma? Hapana. Padre huamshwa usiku wa manane kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, na muuguzi huitwa wodini. Bwana wetu mwenyewe alisema juu ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Basi, ninyi mlio wakuu wa kazi, jiulizeni kabla ya kutuma: Je, kuna ng'ombe kisimani, au ni wazo tu lililonijia nikiwa kitandani? Kama ni wazo, liandikeni, kisha litumeni asubuhi. Dharura ya kweli ipigiwe simu, ili barua pepe isubiri mapambazuko bila kumtia mtu hofu.

Nanyi mlio chini, msinung'unike chooni na kutabasamu mbele ya bosi. Mwendeeni faraghani, wakati wa mchana, kwa heshima. Mwulizeni ni mambo gani yasiyoweza kungoja, na mkubaliane ni saa ngapi mtapatikana. Kazi ya usiku iliyo ya lazima iwekeeni kumbukumbu ya tarehe na saa. Ikishindikana, kipo chama cha wafanyakazi, na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Najua wapo ambao hawawezi kusema neno bila kupoteza ugali wa watoto. Hao wasihukumiwe na yeyote. Tuwaombee, na wenye nafasi wawasemee.

Hata hivyo, siwezi kumaliza bila kuingia nyumbani kwetu. Yule anayelalamika kwamba bosi hamwachi apumzike, huenda usiku huo huo anamwamsha dada wa kazi saa 5 apashe chakula, ilhali binti huyo ameamka saa 10 alfajiri kuwaandaa watoto wa shule. Je, ana saa ngapi za kupumzika? Dominika anakwenda Misa, au anabaki kulinda nyumba? Kwake yeye, bosi ni wewe, na ile amri ya Kumbukumbu la Torati inakusemesha wewe kwa jina.

Juma hili, kila mmoja amchague mtu mmoja aliye chini yake na kumrudishia saa moja ya usiku wake.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu