Wanaobaki Baada ya Matanga

Mwishoni mwa mwaka 2009, Mahakama Kuu iliyokaa Shinyanga iliwahukumu wanaume wanne kunyongwa hadi kufa kwa kumuua mtu mwenye ualbino, mkazi wa kijiji cha Nkindwabiye wilayani Bariadi. Alikuwa na umri wa miaka 50. Muda mfupi kabla, huko Kahama, watu watatu walikuwa wamepewa adhabu hiyohiyo kwa kumuua mvulana wa Bukombe, na hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu ya kwanza tangu wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lianze. Siku hizo Bariadi na Maswa zilikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Huku kwetu Sola, wilayani Maswa, habari hizo tulizisikia redioni, mvua za kwanza zimeshanyesha na watu wako mashambani. Tukashusha pumzi. Haki imetendeka, tukasema, tukaendelea na pamba.

Miaka imepita na bado naifikiria hukumu ile, hasa kwa yale ambayo hayakusemwa. Tulielezwa wauaji ni akina nani, wameshika nini, wamekata nini. Hakuna aliyetueleza nani alilima shamba la marehemu msimu uliofuata. Mtu wa umri ule, katika kaya nyingi za Usukuma, ndiye nguzo. Kuna ng'ombe anaowajua mmoja mmoja, kuna anayemdai na anayedaiwa naye, kuna mahari anayoipanga, kuna wajukuu wanaomngoja jioni. Panga likimwangusha, yote hayo hubaki bila mwenyewe, na hukumu ya kunyongwa haigusi hata moja kati ya hayo.

Tena tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna mtu aliyenyongwa Tanzania. Sisemi wanyongwe. Ninachosema ni kwamba tumeitundika haki yote ya marehemu kwenye shingo ya muuaji, na mjane hana cha kuchuma hapo.

Msiba tunaujua. Watu wanakuja na unga, na kuni, na ndoo za maji. Wanaume wanalala nje wakiota moto. Akina mama wanajaa ndani na mfiwa haachwi peke yake hata dakika moja. Ni jambo zuri, na naamini ni moja ya mambo yanayotufanya tuwe watu. Lakini matanga yakishaanuliwa kila mtu hurudi kwake, na msiba wa mtu aliyeuawa ndipo unapoanza hasa. Aliyekufa kwa malaria huzikwa, akaachwa apumzike. Aliyeuawa kwa ajili ya viungo vyake hana amani hata kaburini. Familia nyingi zimemwaga zege juu ya makaburi ili mifupa isiibwe. Mwaka 2008, katika Kanda hii ya Ziwa, mzee mmoja aliyepita miaka 70 alimzika mjukuu wake wa miaka mitano ndani ya nyumba aliyokuwa akilala, akawa analala humo usiku baada ya usiku akililinda kaburi. Babu huyo alikuwa amegeuzwa mlinzi wa mfu katika umri ambao alistahili kulindwa yeye.

Halafu yanakuja maswali. Nani alipita jana yake kuomba moto? Nani aliuliza mzee analala nyumba ipi? Mbona mbwa hawakubweka? Swali hili la mbwa ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa mbwa asiyebweka amemwona anayemjua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika kesi hizi wahenga wamekuwa sahihi mara nyingi mno. Juni 2024, mwili wa mtoto wa kike mwenye ualbino, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitatu, ulipatikana wilayani Muleba mkoani Kagera baada ya kunyakuliwa nyumbani, na miongoni mwa watu waliofikishwa mahakamani kwa kesi hiyo alikuwamo baba yake mzazi. Mshtakiwa si mkosaji mpaka mahakama iseme. Lakini hebu jiweke mahali pa mama wa mtoto yule, ambaye hata wa kumlilia begani hana uhakika naye. Ukishaibiwa ng'ombe unaweza kununua mwingine. Imani kwa watu wa nyumba yako, ikiondoka, hainunuliki mnadani.

Kuna jambo moja nalikataa katika simulizi za mauaji haya, nalo ni bei. Ripoti za nje na magazeti yetu yalitaja viungo vya binadamu kwa dola, kiungo baada ya kiungo, kwa nia ya kutushtua tuone ukatili. Bei hiyo siitaji hapa. Mwaka 2008 mwandishi Vicky Ntetema alikwenda kwa waganga akijifanya mteja ili dunia ijue biashara hiyo ipo. Alitishiwa maisha hata ikabidi ajifiche, na ujasiri wake nauheshimu sana. Lakini nadhani bei ilipotoka hadharani, kijana asiye na kitu aliisikia kwa namna yake. Watoto wenye ualbino wamepita njiani wakiitwa "dili", na anayewaita hivyo amejifunza kutoka mahali fulani. Anayetaka kuandika au kusimulia uhalifu na amtaje mtu kwa kazi aliyoifanya na wimbo alioupenda, kwa jina watoto wake walilomwita.

Na wenye ualbino hawako peke yao. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba mwaka 2013 watu 765 waliuawa nchini kwa imani za kishirikina, na kati yao 505 walikuwa wanawake. Wengi wa akina mama hao walikuwa vikongwe, na Usukuma imekuwa miongoni mwa maeneo yanayoongoza kwa aibu hii. Na ushahidi dhidi yao? Macho mekundu! Tunaojua jiko la huku hatuhitaji ramli kueleza macho mekundu. Miti ilifyekwa zamani, mingine kwa kumfukuza mbung'o enzi za mkoloni, mingine kwa ajili ya mashamba ya pamba na malisho. Kuni zikawa adimu, na mwanamke akapikia samadi kavu na vijiti vya pamba kwa miaka 50 ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Moshi huo ndio uliomlisha mume na watoto. Kisha mtoto wa jirani anaugua, mganga wa ramli chonganishi anasema mchawi ni mama mzee anayekaa upande wa machweo, na macho yaliyoungua kwa kutulisha yanakuwa ushahidi wa kumuua.

Familia ya kikongwe aliyekatwa mapanga hailii kama wengine. Inalia kwa sauti ya chini, kwa kuwa nusu ya kijiji inaamini alistahili. Bintiye anaangaliwa kwa jicho la pembeni, kwani tumeaminishwa kwamba uchawi hurithiwa. Na ukichunguza utakuta mara nyingine palikuwa na shamba. Mtu alilitaka shamba, na ramli ikampa njia.

Hasira dhidi ya wauaji nayo imewahi kutuzalia wafiwa wengine, na hili vijana wengi wa Simiyu hawalijui. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliendesha msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kwa sababu ya mauaji ya vikongwe. Watu walikamatwa wengi, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola kabla ya kufikishwa mbele ya hakimu. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumpiga mtu wala hakuagiza mtu apigwe, lakini mwaka 1977 alimwandikia Mwalimu Nyerere barua ya kujiuzulu, akaubeba mzigo. Mwinyi alipofariki Februari 2024 sifa hiyo ilitajwa sana, nami niliwafikiria wale waliomfanya ajiuzulu: mahabusu wa Kisukuma ambao hatuimbi habari zao, na watoto wao, ambao leo ni wazee. Mtoto wa mtuhumiwa naye huachwa yatima.

Mei 2014 panga lilirudi Bariadi. Mwanamke wa miaka 40 mwenye ualbino aliuawa kijiji cha Gasuma, na waganga wawili wakakamatwa. Kufikia hapo Umoja wa Mataifa ulikuwa umeorodhesha zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000, huku kesi zilizofika hadi hukumu zikihesabika kwa vidole. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wa ramli. Wakati huo watoto wenye ualbino walikuwa wameshajazana Buhangija, Shinyanga, shule iliyowapokea kwa ajili ya usalama wao. Naishukuru shule ile kwa kila roho iliyookoka. Lakini mtoto anayelelewa nyuma ya ukuta kwa sababu kijijini kwao kuna watu wanaomwinda ameporwa pia. Ameporwa bibi wa kumsimulia hadithi, ameporwa lugha ya nyumbani na mahali pake penye chungu cha ugali. Wapo ambao wazazi waliwafikisha getini wasirudi kuwaona tena. Na wakati sisi tunaogopa mapanga, jua linaendelea kuwaua kwa saratani ya ngozi, polepole, bila kesi wala kichwa cha habari, wakati kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua vingewaokoa.

Nimejifunza kuipima haki kwa swali moja: waliobaki wanaishije? Kwa kipimo hicho, jambo kubwa kuliko hukumu zote za kunyongwa lilitokea Arusha mwezi Februari 2025. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Tanzania ilishindwa kuwalinda watu wake wenye ualbino, ikaagiza, pamoja na mambo mengine, uanzishwe mfuko wa fidia kwa waathirika, elimu itolewe kwa umma, na Sheria ya Uchawi irekebishwe. Hapo mahakama ilimgeukia aliyebaki, aliyekatwa mkono akaishi, na mama aliyejeruhiwa akimpigania mwanawe.

Kwa hiyo nawaomba watu wa aina mbili. Wewe jirani, unayeijua kaya iliyoachwa na panga, usingoje arobaini wala kumbukumbu ya mwaka. Wapelekee jembe na nguvu zako mvua zikianza, wasindikize mahakamani siku ya ushahidi, na ukimsikia mtu barazani anauliza bei au anatafuta wa kupiga ramli, nenda kwa mtendaji wa kijiji au polisi usiku huohuo. Na ninyi waheshimiwa wabunge wa Simiyu, simameni bungeni mkaiulize serikali mfuko ule wa fidia umefikia wapi, na kama familia za Nkindwabiye na Gasuma zimo kwenye orodha.